Dodoso la Ulaji kwa Kiarabu: Alama 20 Zinapima Nini?

Uchunguzi wa awali wa matatizo ya ulaji hufanywa kwa dodoso fupi ambalo mtu hulijaza mwenyewe kwa dakika chache. Dodoso halitaji ugonjwa. Huwachuja watu wengi ili wachache wanaotiliwa shaka waonane na mtaalamu, na ni mtaalamu huyo, baada ya mahojiano ya kina, anayeamua kama pana anoreksia (kujinyima chakula kupita kiasi), bulimia (kula kupita kiasi kisha kujitapisha) au aina nyingine ya tatizo. Madodoso yanayotumika zaidi kwa wasemaji wa Kiarabu yaliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha yakafasiriwa. Namna yalivyohamishwa ndiyo inayoamua kama matokeo yake ni ya kuaminika.

Kongwe kati yake ni lile linalofahamika kwa kifupi kama EAT. Lilitungwa na David Garner na Paul Garfinkel mjini Toronto mwaka 1979 likiwa na maswali 40, na mwaka 1982 likapunguzwa hadi maswali 26. Kila swali la toleo fupi lina majibu sita, kuanzia "daima" hadi "kamwe". Jibu zito kabisa lina alama 3, linalofuata 2, kisha 1, na matatu yaliyobaki hayana alama. Jumla ya juu ni 78, na anayefikisha 20 huhesabiwa kuwa anahitaji kuonwa na mtaalamu. Madodoso mengine mawili yanayotajwa sana ni EDE-Q la mwaka 1994, linalouliza mambo ya siku 28 zilizopita, na SCOFF, lililochapishwa London mwaka 1999. Hilo la mwisho lina maswali matano ya ndiyo au hapana, na "ndiyo" mbili zinatosha kumfanya mtu atiliwe shaka.

Kizingiti cha alama 20 kilipatikana kwa kulinganisha wagonjwa wa Kanada na wanawake wa Kanada wasio wagonjwa. Kinafanya kazi pale ambapo wagonjwa na wazima hujibu maswali yale kwa tofauti ileile. Mtu akilipeleka dodoso Riyadh, Beirut au Maskati, hawezi kudai kwamba kizingiti kimesafiri salama mpaka akipime upya.

Mfano mzuri wa kazi hiyo ulitolewa mapema. Mwaka 1986, daktari wa akili Mervat Nasser alichapisha utafiti uliowalinganisha wasichana wa Kiarabu waliokuwa wakisoma vyuo vikuu vya London na wenzao wa Cairo. Alitumia EAT ya maswali 40, kisha akawahoji wasichana ana kwa ana. Upande wa London, asilimia 22 walivuka kizingiti cha toleo hilo, na mahojiano yakabaini wagonjwa sita wa bulimia. Upande wa Cairo, asilimia 12 walivuka, lakini mahojiano hayakumpata mgonjwa hata mmoja. Kama Nasser angeishia kwenye dodoso, ingeandikwa kwamba zaidi ya mmoja kati ya kila wasichana kumi wa Cairo yumo hatarini, na takwimu hiyo ingenukuliwa hadi leo. Hatua ya pili ndiyo iliyoupa utafiti wake thamani.

Oman ilitoa fumbo jingine mwaka 2002. Samir Al-Adawi na wenzake walitumia EAT ya maswali 26 kwa vijana na watu wazima. Asilimia 33 ya vijana wa Kiomani walionyesha mwelekeo wa anoreksia, ilhali kwa vijana wasio Waomani waliokuwa nchini humo ilikuwa asilimia 9, na kwa Waomani watu wazima haikuzidi sana asilimia 2. La kushangaza zaidi ni kwamba wavulana wa Kiomani walifikia asilimia 36.4 na wasichana 29.4, kinyume kabisa cha picha inayozoeleka katika kliniki, ambako wagonjwa wengi ni wanawake. Matokeo haya yanasomeka kwa namna mbili: ama vijana wa kiume wana tatizo ambalo hakuna aliyelitafuta, ama baadhi ya maswali yanagusa jambo jingine wanapoulizwa wao. Alama peke yake haiwezi kuamua kati ya hizo mbili.

Baadhi ya maswali ya EAT yanatoa dokezo. Dodoso linauliza kama mtu anahisi wenzake wanamshinikiza ale, na kama anahisi wangependa ale zaidi. Kwa waliolitunga, anayejibu "daima" huenda ni binti aliyekonda kupita kiasi na wazazi wake wana wasiwasi. Lakini katika nyumba za Kiarabu, kama ilivyo pwani yetu, mwenyeji asiyemhimiza mgeni kuongeza chakula huonekana ametia aibu. Anayejibu "daima" huenda anaeleza tu jinsi shangazi yake anavyopakua. Maswali haya mawili yakijibiwa hivyo, mtu mwenye afya huwa ameshapata alama 6 kati ya zile 20.

Saumu ina uzito zaidi kuliko hilo. EDE-Q huuliza kama katika siku 28 zilizopita mtu amekaa saa nane au zaidi akiwa macho bila kula chochote kwa nia ya kubadili umbo au uzito. Dodoso likigawiwa mwishoni mwa Ramadhani, karibu mwezi mzima wa saumu unaingia ndani ya siku hizo. Sharti la nia limo ndani ya swali, na msomaji makini atalitenga, lakini anayejaza kwa haraka ataandika idadi ya siku alizofunga. Upo pia upande wa pili, ambao ni wa hatari zaidi: mwenye anoreksia anaweza kuificha njaa yake nyuma ya ibada, na hakuna atakayemuuliza. Kwa hiyo mahojiano mazuri hayaishii kwenye swali la kufunga. Huuliza kama anafuturu pamoja na wengine, kama anafunga hata siku ambazo ugonjwa au hedhi vinamwondolea wajibu huo, na kama anafurahi au anaingiwa na hofu Idi inapokaribia. Hakuna dodoso la Toronto au London lililoweza kubeba maswali hayo.

Tafsiri yenyewe ina taratibu zinazojulikana. Mfasiri mmoja hupeleka maandishi katika Kiarabu, mwingine ambaye hajaona asili huyarudisha katika Kiingereza, kamati inalinganisha, kisha kikundi kidogo kinajaribishiwa. Kwa kawaida huandikwa kwa Kiarabu Sanifu ili dodoso lisomeke kutoka Morocco hadi Oman, japokuwa hakuna anayezungumzia njaa au kutapika nyumbani kwake kwa Kiarabu hicho. Kwa wasiosoma vizuri, msaili hulazimika kugeuza kwa lahaja ya mahali, na kila msaili hugeuza kwa namna yake. Vipimo navyo hubadilishwa: SCOFF huuliza kuhusu kupungua uzito kwa stoni moja, kipimo cha Waingereza, katika miezi mitatu, na kwa Waarabu kipimo hicho hakina budi kugeuzwa kuwa kilo.

Baada ya tafsiri hufuata takwimu za kuonyesha kwamba maswali yanashikamana. Hapa ndipo tafiti nyingi huishia. Maswali yanaweza kushikamana barabara na bado yasimtenge mgonjwa na mzima. Jaribio la SCOFF ya Kiarabu nchini Lebanon, lililochapishwa mwaka 2015, lilikwenda mbele zaidi kwa kulinganisha majibu na tathmini ya kitabibu: lilinasa takriban asilimia 80 ya wenye tatizo, na likawaachia takriban asilimia 73 ya wasio nalo.

Namba hizo zinaonekana nzuri mpaka zipigiwe hesabu. Tuchukue watu 1,000, na tuseme 50 kati yao wana tatizo. Dodoso litawanasa 40 na kuwakosa 10. Katika wazima 950 litawanasa pia takriban 256. Waliotiliwa shaka ni karibu 296, na wenye tatizo kweli ni 40, yaani mmoja kati ya saba. Kwa kliniki yenye wataalamu wa kuwahoji wote 296, chombo hiki ni msaada mkubwa. Kwa shule inayotaka kutangaza kwamba karibu asilimia 30 ya wanafunzi wake ni wagonjwa, ni upotoshaji.

Mapitio ya tafiti za nchi za Kiarabu yaliyochapishwa mwaka 2020 yalikuta viwango vya watu walio hatarini kuanzia asilimia 2 hadi karibu 55. Sehemu ya tofauti hiyo bila shaka ni ya kweli, kwa kuwa nchi na rika hazilingani, lakini pengo kubwa namna hiyo linaonyesha pia kwamba kizingiti cha kuazima hakifanyi kazi sawa kila mahali. Tangu hapo hatua zimepigwa. Mwaka 2022 lilitoka toleo la Kiarabu la EAT lenye maswali saba tu, na kwa Saudi Arabia Bernou Melisse na wenzake walitayarisha mahojiano yenyewe pamoja na dodoso la EDE-Q, wakapanga viwango vya Wasaudi badala ya kuazima vya Ulaya. Kazi ya Saudia ndiyo inayostahili kufuatwa, kwa sababu imeanzia kwenye mahojiano. Mpaka nchi nyingine zifanye hivyo, alama 20 kwa msemaji wa Kiarabu ni sababu ya kumwita mtu aje kuzungumza na daktari, na haitoshi kuandikwa kama kiwango cha ugonjwa.