Uandishi wa Kazi na Mafunzo ya Chuo Kikuu: Kipimo cha Qurus

Katika vyuo vikuu vya Tanzania mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, awe wa sheria, wa kilimo au wa uhandisi, aghalabu hulazimika kusoma somo la stadi za mawasiliano. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kazi hiyo ilikabidhiwa kitengo maalumu mwaka 1978. Somo hufundishwa kwa Kiingereza: namna ya kunukuu mihadhara, kupanga insha, kutaja vitabu vilivyotumiwa, na mwishowe barua ya kuomba kazi. Haja yake ilikuwa dhahiri, kwani taarifa ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha jinsi Kiingereza, lugha ya masomo, kilivyowalemea wanafunzi. Somo, basi, liliundwa ili kumwokoa mwanafunzi darasani, na kwa hilo halina lawama. Lawama huanza pale linapodaiwa kumwandaa vilevile kwa kazi.

Kata ya Qurus, wilayani Karatu, yafaa kuwa kipimo. (Jina lenyewe huandikwa kwa herufi q, ambayo Kiiraqw kinaihitaji na ambayo haimo katika abjadi ya Kiswahili Sanifu.) Afisa ugani, afisa ardhi au mwanasheria afikaye huko hatatakiwa insha. Ataandika taarifa ya ukaguzi wa mashamba, barua kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, tangazo la mkutano. Na zaidi ya yote atategemea mihtasari ya vikao vya kijiji. Hayo yote ni Kiswahili, ambacho serikali ilikifanya lugha ya shughuli zake mwaka 1967.

Muhtasari si karatasi ya adabu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Idhini hiyo itathibitishwaje baada ya miaka kumi, wazee waliokuwapo wakiwa wameshazikwa, isipokuwa kwa muhtasari? Ichukuliwe sentensi hii, iliyotungwa kwa mfano: "Iliamuliwa kwamba mpaka urekebishwe na mhusika ajulishwe." Sarufi yake haina ila. Lakini nani aliyeamua, halmashauri au mkutano mkuu? Mpaka upi, nao usogezwe upande gani? Mhusika ni nani? Kauli ya kutendwa imemficha mtenda, na neno "mhusika" limemficha mtendewa. Hata akiandika kwamba mpaka ni korongo, mwandishi hajamaliza kazi, maana katika nchi ya Karatu mvua humega udongo na korongo hupanuka. Korongo la mwaka huu silo la miaka kumi ijayo. Atakayepungukiwa shamba ni yule asiye na shahidi aliye hai. Tena, huenda mzee akasimama akatoa hoja yake kwa Kiiraqw, katibu akaiandika kwa Kiswahili papo hapo. Hiyo ni tafsiri, na ni tafsiri ngumu, wala hakuna aliyemfunza.

Barua nazo zina maradhi yao. Zipo nyingi mno zinazoanza kwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Mtu huhusika na jambo kwa sababu lamgusa, haamriwi kuhusika na kichwa cha habari. Yaelekea kwamba hapo pana mifupa ya barua ya Kiingereza iliyovikwa ngozi ya Kiswahili. Baada yake hufuata aya ya matumaini kwamba mpokeaji ni mzima, na ombi lenyewe humngoja msomaji chini kabisa.

Itasemwa kwamba Kiswahili kila Mtanzania anacho, kwa hiyo chuo kikuu hakina la kuongeza. Hoja hii ni dhaifu. Kujua kusema hakumfanyi mtu ajue kuandika hati itakayosomwa mahakamani. Ni kweli kwamba idara za Kiswahili hufundisha uandishi, lakini kwa wanafunzi wake. Afisa ardhi hapiti mlango huo. Mwanasheria ndiye mwenye udhuru mdogo kuliko wote, kwani marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama.

Somo halihitaji kufutwa. Lahitaji kugawiwa saa zake upya, na sehemu ya Kiswahili ipewe mazoezi yatokayo katika kazi zenyewe. Muhtasari wa kijiji husomwa na kuthibitishwa katika kikao kinachofuata. Na darasani iwe vivyo hivyo: kundi moja liandike muhtasari wa kikao cha mgogoro wa mpaka, jingine ambalo halikuhudhuria lisomewe mara moja, kisha liulizwe nani alipewa nini, na nani, na mpaka unapita wapi. Palipo na majibu mawili, muhtasari urudishwe kwa walioandika.