Kumpima Mnasihi Siku Anapotiliwa Shaka

Mtu akiulizwa kwa nini anamsifu mnasihi wake, jibu halikawii: ni mpole, ana sauti ya taratibu, hakatizi mtu maneno. Sifa hizo ni nzuri, ila hazimtofautishi fundi na mwanagenzi. Upole hufundishika kwa wiki moja. Mhudumu wa mapokezi hotelini anao, karani wa benki anao, na tapeli anao kuwazidi wote. Anayetaka kujua ubora wa mnasihi, hasa yule aliyeanza kama afisa ustawi wa jamii kisha akajifunza tiba ya mazungumzo, aangalie kwingine. Amtazame siku mteja anapomtilia shaka. Siku hiyo ufundi huonekana kama mshono wa kanzu uonekanavyo ikigeuzwa ndani nje.

Nasema hasa aliyetoka ustawi wa jamii kwa kuwa shaka hiyo anaikuta mlangoni, na ni shaka ya haki. Kwa Tanzania, wengi hukutana na afisa ustawi wakiwa tayari na jambo: matunzo ya mtoto, ndoa inayovunjika, kijana aliyekamatwa. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, mahakama inaweza kumwagiza afisa huyo aandike taarifa ya uchunguzi wa kijamii kabla haijaamua mtoto akae na nani. Mama anayemsimulia mtu wa namna hiyo jinsi asivyolala usiku anajua kwamba sentensi moja inaweza kumrudia kama ushahidi. Hali hii si ya kwetu tu, wala haikuanza jana. Mary Richmond, Mmarekani aliyeipa fani hii kitabu chake kikubwa cha mbinu, Social Diagnosis, mwaka 1917, alijaza kurasa zake namna ya kukusanya ushahidi wa familia kwa jamaa, majirani, walimu, madaktari na waajiri. Mwaka uliofuata Smith College, huko Massachusetts, ikaanza kuwafundisha wafanyakazi wa jamii kuhudumia wagonjwa wa akili, vita vikiwa vinawarudisha nyumbani askari walioumia nafsi. Tangu hapo fani ina mikono miwili, mmoja unasaidia na mwingine unaandika. Anayehamia kwenye tiba hauachi mkono wa pili nje ya mlango. Anaingia nao, na ubora wake unategemea anauweka wapi.

Marekani ndiko njia hii ilikopigwa lami. Huko mhitimu wa shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii akitaka leseni ya kutibu, jimbo la California humtaka atimize saa 3,000 chini ya msimamizi, kwa muda usiopungua wiki 104, kisha afaulu mitihani. Tena Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi kuulizwa swali letu hili hili, kama maneno ya mteja yanaweza kumrudia kama ushahidi, katika shauri la Jaffee dhidi ya Redmond, lililoamuliwa mwaka 1996. Askari polisi wa Illinois alikuwa amempiga mtu risasi akafa, na baadaye akahudhuria vikao takriban 50 kwa mfanyakazi wa jamii mwenye leseni ya tiba. Familia ya marehemu ikashtaki na kudai maelezo ya vikao hivyo. Askari na mtibu wake wakakataa kuyatoa. Majaji saba kati ya tisa waliwaunga mkono, wakasema siri ya tiba inalindwa hata pale mtibu anapokuwa mfanyakazi wa jamii. Jaji Antonin Scalia alipinga kwa hoja isiyo ya kubezwa: mwananchi wa kawaida, akaeleza, angeumia zaidi akinyimwa ushauri wa mama yake kuliko wa mtibu, na hakuna sheria inayolinda siri za mtoto na mama, kwa nini basi huyu apewe ulinzi?

Msomaji wa pwani ataiongezea hoja hiyo nguvu: somo je, shangazi je, shehe wa mtaa? Ni kweli kwamba watu hao wamebeba siri nzito kabla vyuo havijajengwa. Lakini kila mmoja wao yumo ndani ya jambo. Shangazi atakutana na mumeo harusini, mama ana upande hata akijitahidi kutokuwa nao, na hakuna anayemsimamia yeyote kati yao akikosea. Mnasihi anapewa kinga kwa sababu amekubali masharti ambayo mama hawezi kuyakubali: hana maslahi katika matokeo, ana wa kumwajibisha, na uhusiano wake na mteja una mwisho unaojulikana. Kwa hiyo sehemu ya uaminifu haitoki moyoni mwa mnasihi hata kidogo. Inatoka kwenye mpangilio wa kazi, na alama ya kwanza ya ubora ni jinsi anavyoueleza mpangilio huo.

Chukua dakika kumi za mwanzo. Mteja, mwanamke wa makamo, anaangalia daftari mezani na kuuliza, "Mwanangu, hayo unayoandika yanakwenda wapi?" Mnasihi wa kawaida atatabasamu na kusema, "Usijali mama, hapa ni siri tupu." Jibu tamu, na ni la uongo. Aliye stadi anaweka kalamu chini, analigeuza daftari lielekee upande wa mteja, na kusema jambo la namna hii: "Naandika tarehe na mambo mawili matatu nisije nikasahau. Linakaa kabatini, ufunguo ninao mimi na msimamizi wangu. Lakini mama, nikisikia kuna mtoto anaumizwa, au wewe uko hatarini kujidhuru, hapo sitanyamaza, na nitakwambia kabla sijafungua mdomo kwingine." Nchini Tanzania hilo la mtoto si hiari yake. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Wapo watakaosema kwamba ukimtangazia mteja mipaka namna hiyo unamfunga kinywa. Huenda siku hiyo atafunga kweli. Lakini atakachosema wiki ya tatu atakuwa amechagua kukisema, naye hatapata mshtuko wa kugundua kwamba siri tupu ilikuwa na tundu. Aliyeahidi siri isiyo na mpaka amebakiwa na njia mbili tu, kuvunja sheria au kuvunja ahadi.

Alama ya pili ni kuizuia mikono yenye haraka. Afisa ustawi aliyezoea kazi husikia tatizo na papo hapo anawaza nani wa kumpigia simu: mwenyekiti wa mtaa, daktari wa zamu, mwalimu mkuu. Ni ujuzi wa thamani, na katika chumba cha tiba unaweza kuharibu kila kitu, kwa sababu mteja hajamaliza hata kueleza. Hapa nitapingwa kwamba njaa haiponi kwa mazungumzo, na anayedaiwa kodi ya nyumba hahitaji kuulizwa anajisikiaje. Pingamizi hilo nalikubali zaidi ya nusu, na ushahidi bora ninaoujua unatoka Harare. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa kitongoji cha Mbare, wakiketi na watu kwenye benchi nje ya kliniki. Benchi lilipoitwa la afya ya akili watu walilikwepa. Bibi wenyewe wakashauri lipewe jina la Kishona linalomaanisha benchi la kupeana mawazo. Utaratibu wao unaanza kwa mteja kumwaga matatizo yote, ya kodi ya nyumba yakiwemo, kisha mteja mwenyewe anachagua moja la kuanzia. Jaribio lililofanyika kliniki 24 kwa watu 573, matokeo yakachapishwa 2016, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa benchini walikuwa na wastani wa alama 3.81 katika kipimo cha dalili chenye alama 14, na wenzao waliopata huduma ya kawaida walikuwa na 8.90. Mpango huo umefika Zanzibar pia. Kodi ya nyumba, basi, inazungumzwa. Suala ni nani ameichagua. Ukitaka kumpima mnasihi, hesabu muda kati ya kusikia tatizo na kutoa suluhisho, kisha tazama suluhisho limetoka kinywani mwa nani.

Sasa nije kwenye kiini. Mwaka 1979 Edward Bordin alieleza kwamba uhusiano wa tiba una sehemu tatu: kukubaliana lengo, kukubaliana kazi ya kulifikia, na kifungo cha moyo kati ya wawili. Muhtasari mkubwa wa tafiti uliochapishwa 2018 ulikusanya tafiti 295 zenye wagonjwa zaidi ya 30,000, ukakuta uwiano wa karibu 0.28 kati ya uhusiano huo na matokeo, yaani asilimia nane hivi ya tofauti ya nani anapona na nani haponi. Mwenye kushuku atasema ni kidogo, na kwamba pengine anayepata nafuu ndiye anayempenda mnasihi wake, si kinyume chake. Jibu la jambo la pili ni kwamba tafiti zilizopima uhusiano mapema na kuondoa athari ya nafuu iliyokwisha kupatikana bado zinaukuta mchango huo, ingawa mdogo. La kwanza halinisumbui. Katika tiba ya mazungumzo vitu vichache sana vimepimwa na kukutwa na uzito hata huo. Ila tazama sehemu za Bordin: mbili kati ya tatu ni makubaliano, na makubaliano huvunjika. Jeremy Safran na Christopher Muran, waliochunguza mivunjiko hiyo kwa miaka mingi, waliitenga katika aina mbili, mteja anayekabili na mteja anayejitoa. Anayekabili ni rahisi kumwona, kwani anapandisha sauti. Anayejitoa, katika nchi zetu, hujificha ndani ya heshima. Husema "sawa." Husema "nimekuelewa, mwanangu." Hushukuru, hufunga kitenge, na wiki ijayo haonekani. Kwa maoni yangu sikio la kuitofautisha "sawa" ya kukubali na "sawa" ya kuondoka ndilo kipaji kikuu cha mnasihi wa Kiswahili, na sijaona mtaala unaolifundisha inavyostahili. Fundi akiisikia ya pili hasongi mbele. Anasema, "Nahisi nimekwenda mbio, na pengine nimesema jambo halikukaa vizuri." Halafu ananyamaza, na hajitetei mteja akilitaja.

Je, mnasihi hawezi kujua mwenyewe kama anafaa? Hawezi, na hili limepimwa kwa namna ya kuvunja moyo. Utafiti wa Marekani wa 2012 uliwauliza watibu 129 wa fani mbalimbali wajilinganishe na wenzao. Robo walijiweka katika asilimia kumi ya juu kabisa, na hakuna hata mmoja aliyejiona chini ya wastani. Mwingine wa 2005 uliwataka watibu wabashiri ni akina nani kati ya wateja 550 watazidi kuzorota. Walitaja 3. Waliozorota walikuwa 40, na katika wale 3 mmoja tu ndiye aliyekuwemo. Ndiyo maana swali zuri kuliko yote kwa mnasihi mpya ni: nani anakusimamia, na utajuaje kama sipati nafuu? Akijibu kwa kutaja vyeti, au kwa kusema ana uzoefu wa miaka mingi, endelea kutafuta. Akisema kila kikao anakuuliza maswali mafupi na kuyaandika majibu, na kwamba kila mwezi anampelekea mwenzake kesi zinazomshinda, keti. Leseni ni jambo la lazima, na Kenya ilifanya vyema kutunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, lakini leseni inakuambia aliruhusiwa kuanza. Kuhusu kikao cha Jumanne ijayo haisemi kitu.

Limebaki pingamizi gumu: uaminifu huweza kupewa asiyestahili, na watu wamewaamini matapeli kuliko madaktari. Dawa yake ni kuangalia uaminifu huo unampeleka wapi mteja. Kwa tapeli, kila wiki mteja anabaki na watu wachache zaidi wa kuzungumza nao. Kwa fundi, wanaongezeka: dada aliyekosana naye amepigiwa simu, rafiki wa zamani amealikwa chai, na vikao vinapungua kutoka kila wiki hadi mara moja kwa mwezi. Siku ya mwisho yule mama wa makamo anaweza kuomba kuona kilichoandikwa kwenye daftari. Mnasihi anafungua kabati, analiweka mezani, na kumsubiri avae miwani.