Hadithi kwa Mdomo wa Kijakazi

Mwanamke ana mtoto mchanga, anaumwa. Siku yenyewe ni ya kazi ya bwana. Anaomba abaki nyumbani, anakataliwa. Anakumbuka alichowahi kusikia: vichwa vya ule mmea unaotoa afyuni vikichemshwa, maji yake humlaza mtoto. Akachemsha, akamnywesha, akaenda shamba. Aliporudi mtoto alikuwa kimya, na kimya kile hakikwisha. Mama akarukwa na akili.

Ndiyo hadithi ya “Horpyna”, moja kati ya 11 zilizomo katika kitabu cha Marko Vovchok kilichotoka St Petersburg mwishoni mwa 1857. Jina ni la kiume, lakini mwandishi ni mwanamke: Maria Vilinska, aliyezaliwa mwaka 1833. Watu aliowaandika walikuwa watwana wa ardhi wa Ukraine chini ya dola ya Urusi, wakulima waliofungwa na shamba la bwana. Shamba likiuzwa, nao wameuzwa. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo marefu. Unguja pia mtumwa wa shamba alihesabiwa siku: tano za bwana, Alhamisi na Ijumaa zake mwenyewe.

Ninachotaka kutazama ni ufundi. Kwa nini kisa hiki cha kurasa chache kinauma kuliko vitabu vizima vya kulaani utwana?

Jibu la kwanza ni msimulizi. Mama hasimulii, na mwandishi hasimulii. Anasimulia jirani, mwanamke wa kijiji kilekile, ambaye naye ni mtu wa bwana yuleyule. Jirani hana sababu ya kutueleza utwana ni nini, kama vile mtu wa Maneromango asivyoeleza mhogo ni nini. Hatoi hukumu, maana hajazoea kuulizwa maoni yake. Anasema tu kilichotokea, kikafuatwa na kingine. Anayebaki na hasira ni msomaji, maana ndani ya hadithi hakuna aliyemsaidia kuitoa.

Jibu la pili ni sentensi zenyewe. Vovchok aliziunganisha kama zinavyounganishwa jikoni, tukio juu ya tukio kwa viunganishi vidogo, bila “kwa sababu” na “licha ya”. Sisi tuna chombo bora zaidi cha kazi hiyo, yaani -ka-. Rudi kwenye aya ya kwanza: akachemsha, akamnywesha, akaenda. Irabu na konsonanti moja zinambeba mama kutoka jikoni hadi shambani, na hazimwachi apumue wala ajitetee. Sasa badilisha: “Kutokana na ukatili wa mfumo, alilazimika kumnywesha.” Umeua hadithi. Waandishi wetu wengi wakiandika dhuluma huikimbia -ka- na kushika lugha ya semina.

Sikio hilo Vovchok hakuzaliwa nalo. Alizaliwa mkoa wa Oryol, Urusi, katika familia ya kibwanyenye iliyofilisika. Kiukraine alikijua barabara baada ya kuolewa mwaka 1851 na Opanas Markovych, mkusanyaji wa nyimbo na mila aliyekuwa amepelekwa uhamishoni Oryol kwa sababu za kisiasa. Wakahamia Ukraine, wakaishi Chernihiv, Kyiv na mji mdogo wa Nemyriv. Bibie akawa anaandika nyimbo, methali na misemo ya wanawake wa vijijini. Miaka sita hivi ya kusikiliza ndiyo iliyozaa kitabu kile chembamba. Mhariri wake, Panteleimon Kulish, baadaye alidai kwamba mume naye alikuwa na mkono katika hadithi zile. (Mwanamke akiandika vizuri, mume hutafutwa. Hili halina taifa.) Ndoa ilipovunjika, bibie aliendelea kuandika vilevile.

Kazi yake iliyo kubwa kuliko “Horpyna” ni “Instytutka”, iliyochapwa kwa Kiukraine mwaka 1862. Binti wa kibwanyenye amerudi kutoka shule ya bweni, amesoma, amestaarabika, na makofi yake ni mazito. Anayetusimulia ni kijakazi wake, Ustyna. Hapa pembe ya kutazamia ndiyo ufundi wote. Kijakazi anamjua bibi kwa karibu sana: nywele zake, kioo chake, hasira yake ya asubuhi. Ila moyo wa bibi haumo kitabuni, maana Ustyna hakukaribishwa humo. Mume wa Ustyna, Prokip, anadiriki kuushika mkono wa bibi siku ya zahama ya matofaa, na adhabu yake ni kupelekwa jeshini. Cha ajabu, jeshi ndilo linalomfungulia Ustyna mlango: mke wa askari si mali ya bibi tena, anakwenda mjini kufanya kazi ya mshahara.

Kasoro zipo. Mabwana wake ni wa rangi moja, na watwana wake mara nyingine ni wema kupita kiasi, utadhani dhuluma husafisha tabia. Hata hivyo Taras Shevchenko, mshairi aliyezaliwa mtwana na kununuliwa uhuru mwaka 1838, alimkubali na kumwita binti yake. Na mwandishi Mrusi Turgenev alizitafsiri hadithi zile kwa Kirusi mwaka 1859, miaka miwili kabla ya utwana kufutwa.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1886 Emily Ruete, yaani Sayyida Salme binti wa Sayyid Said, sultani wa Unguja, alichapisha kumbukumbu zake Berlin. Mama yake mzazi alikuwa suria aliyenunuliwa. Angeweza kuandika kama Ustyna, lakini aliandika kutoka roshani: watumwa wamo, wanapita na sinia, na mwandishi anautetea utumwa wenyewe. Mwaka uliofuata, London, A. C. Madan alitoa kitabu kiitwacho Kiungani: visa vya wavulana wa shule ya misheni ya Kianglikana ya UMCA Unguja, wengi wao waliookolewa utumwani, wakisimulia wenyewe walivyokamatwa na kuuzwa. Midomo ni yao. Ila Madan, bingwa wa kamusi za Kiswahili, alivitoa kwa Kiingereza, na -ka- zao zikabaki njiani.

Shule ile ya Kiungani ilihamishwa mwaka 1925 kuja Minaki, Kisarawe. Kwa hiyo kisima cha simulizi hizo kiko kwetu, mkoa wa Pwani, na ukiwa Kibaha huna haja ya kukitafuta St Petersburg. Wazaramo nao waliijua rehani, mtu kuwekwa kwa deni la mjomba, na waliujua msafara ulioshuka Bagamoyo. Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ni ya mwaka 1922. Waliozaliwa kabla yake karibu wote wametoka duniani, lakini wajukuu waliolala kitanda kimoja nao bado wako.

Mbinu imeshajaribiwa pwani hii. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa simulizi za wanawake watatu wa Mombasa, mmoja wao Mishi wa Abdala, wa ukoo wa watumwa. Miaka miwili baadaye ukatoka mchapo wa Kiswahili, na ndio wa kusoma, kwa sababu humo mama anaongea kama alivyoongea.

Ukibahatika kumpata bibi wa namna hiyo huko Masaki ya Kisarawe au Ruvu, weka simu yako irekodi, kaa naye mkekani. Akichanganya Kizaramo na Kiswahili katika sentensi moja, usimsahihishe.