Shajara ya Mary Watson: Kiu, Jiwe na Majina Yasiyoandikwa

Miongoni mwa maandishi yaliyoachwa na walowezi wa Kiingereza katika Australia ya tropiki, ni machache yaliyoliliwa sana na kuchunguzwa kidogo kama shajara ya Mary Watson. Machozi hayo yana sababu. Hata hivyo machozi si uhakiki, na maandishi haya yanastahili kusomwa upya.

Mary alizaliwa Cornwall, Uingereza, mwaka wa 1860, akahamia Queensland mwaka wa 1877. Mnamo 1880 aliolewa na Robert Watson huko Cooktown, bandari iliyoanzishwa mwaka wa 1873 kwa ajili ya dhahabu ya mto Palmer. Mume alikuwa mvuvi wa majongoo-bahari, viumbe laini vinavyochemshwa, kukaushwa na kuuzwa kwa Wachina kama chakula. Makao yao yalikuwa katika kisiwa cha Lizard, na mtoto wao Ferrier alizaliwa Juni 1881. Mwishoni mwa Septemba, mume akiwa mbali kazini, wenyeji waliwashambulia waliobaki. Ah Leung, mtumishi wa Kichina, aliuawa. Mwenzake Ah Sam alichomwa mikuki. Tarehe 2 Oktoba Mary, mtoto na Ah Sam waliingia katika tangi la chuma lililokatwa, ambalo lilikuwa chombo cha kuchemshia majongoo, wakajitupa baharini. Wote watatu walikufa kwa kiu katika visiwa vya Howick. Miili yao ilipatikana Januari 1882.

Jambo la kwanza linalomgusa msomaji ni mpangilio. Upepo hutajwa kabla ya mauti. Habari ya kuuawa kwa Ah Leung inafuata nguvu na mwelekeo wa upepo, na ushahidi pekee unaotolewa ni kofia yake iliyookotwa. Wengine wamedhani huo ni ubaridi wa moyo. Sivyo. Shajara ya nyumba ya mvuvi ilikuwa daftari la kazi, na kazi ilitegemea upepo. Mwandishi anashika desturi ya daftari wakati ambapo kila kitu kingine kimemponyoka.

Jambo la pili ni la kisarufi. Kadiri kiu inavyozidi, ndivyo nafsi ya kwanza inavyopungua. Mara nyingi Mary anaiacha, au anajitaja kwa nomino, kana kwamba anaandika hali ya mgonjwa mwingine, huku mtoto akiitwa kwa jina lake kila mara. Hapa mfasiri wa Kiswahili hukutana na kizuizi cha kweli. Kitenzi chetu kwa kawaida hakisimami bila kiambishi cha mtendaji: akiandika «ni-», amemrudishia Mary sauti ambayo yeye mwenyewe ameinyamazisha, akitumia «ku-», amegeuza maumivu kuwa kanuni. Labda njia iliyo bora ni sentensi isiyo na kitenzi: maji hakuna, chombo hakuna. Ufukara wa sarufi ndio unaobeba ufukara wa mwili.

Lakini ukimya wa shajara haulingani kwa wote. Watumishi wawili wa Kichina wana majina; washambuliaji wanatajwa kwa jumla tu, bila jina wala sababu. Kisiwa kile Wadingaal hukiita Jiigurru, na ni mahali patakatifu kwao. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 2024 umeonyesha kwamba watu walikuwako huko zaidi ya miaka 6,000 iliyopita, na kwamba vyungu vilifinyangwa huko kati ya miaka 2,000 na 3,000 iliyopita. Nyumba ya Watson ilisimama katika nchi ya watu, na daftari halikulijua hilo. Kumlaumu mama wa miaka 21 aliyekuwa akifa pamoja na mwanawe kungekuwa ukosefu wa haki. Lawama inawaelekea zaidi wasomaji wake wa kwanza.

Hao ndio waliogeuza maandishi kuwa jiwe. Polisi walilipiza kisasi juu ya wenyeji wa bara, na waliouawa hawakupewa kaburi la heshima wala orodha. Mwaka wa 1886 Cooktown ilimjengea Mary mnara wenye bomba la maji ya kunywa. Mnara ule unamtukuza shujaa wa walowezi. Shajara haidai ushujaa wowote. Inahesabu maziwa, mawingu na pumzi za mtoto. Inamtaja pia Ah Sam akijitenga ili afe peke yake, katika maneno machache ambayo yana heshima kuliko hotuba nyingi zilizofuata.

Kwa hiyo kuisoma vema shajara hii ni kuitenganisha na mnara wake. Anayefanya hivyo hapunguzi huruma kwa Mary. Anaipanua, mpaka iwafikie wale waliokufa baada yake bila daftari na bila mtu wa kuandika kwamba kofia zao zilionekana.