"Batri ilisha kufa": hukumu inayotolewa haraka mno

Wandugu, kuko sentensi moja ambayo inastahili kukosolewa sawa vile tunakosoa vitabu. Mnaijua wote. Unapeleka mashini kwa fundi, unamwambia: inasharji vizuri, inafika 80, kisha inasimama pale, haipande tena. Anaigeuza, anaigonga kidogo kwa kidole, na hata hajaiwasha anakuambia: "Batri ilisha kufa, yaya." Maneno manne, na kisha bei. Kwa mwanafunzi wengi ile bei ni kodi ya chumba ya mwezi.

Sikosoe mafundi. Wengine wamerudisha mashini ambazo mimi ningezitupa. Ninakosoa ile sentensi, juu imeanza kupita mdomo kwa mdomo bila mtu kuuliza inatoka wapi, na inasomwa kwenye dalili ambayo si yake.

Tuanze na ile namba yenyewe. Asilimia unayoona kwenye kioo haipimi batri kama ilivyotoka fabriki. Inapima batri kama ilivyo leo. Fikiria bidoni ya lita 20 ambayo imepondeka mpaka sasa inabeba lita 12 tu. Ukiijaza mpaka mdomoni, imejaa, na hakuna mtu atasema imefika nusu. Batri iliyozeeka njo vile: inaandika 100 bila aibu, tena inafika 100 haraka kuliko zamani, halafu unachomoa, na mbele ya saa moja kuisha mashini imezimika. Huo njo uzee. Ile inayosimama 80 leo, 80 kesho, 80 keshokutwa, bila kupita hata moja, haifanane na mgonjwa. Inafanana na mtu aliyeambiwa "usivuke hapa."

Na kweli, mara nyingi kuko aliyemwambia. Batri za litiamu hazipendi kukaa zimejaa kabisa siku nyingi kwenye joto, zinazeeka mbio. Juu ya ile, wenye kutengeneza mashini waliweka parametri ya kusimamisha umeme mbele ya kujaa. Kwa ASUS unachagua 60, 80 ao 100. Lenovo wanayo yao, kwa modeli zingine inasimama karibu na 60, na watu wanaogopa zaidi. HP na Dell wameificha kwenye BIOS, ile ukurasa ya kizamani ambayo inaonekana tu ukibonyeza kitufe fulani wakati mashini inawaka. Na pale mara nyingi kila kitu kimeandikwa katika Kiingereza, kwa watu waliosoma katika Kifaransa na wanaoongea Kiswahili nyumbani. Hapa lawama yangu ni kwa wenye fabriki: ukiamua kuzuia kitu cha mtu, mwambie pale pale kwenye kioo, usimwache aende kulipa ili ajue.

Sasa angalieni vile hili linatufikia sisi. Mashini nyingi tunazonunua hapa Lubumbashi ni okazyo, zimefanya miaka kwenye biro za Ulaya. Kule mashini inakaa mezani, imechomekwa asubuhi mpaka jioni, na umeme haukatike. Mtu wa informatike wa ile biro aliweka kizuizi cha 80, na alifanya vizuri. Biro ikauza mashini, mashini ikapanda meli, na kizuizi kikaja nayo. Ukifuta Windows yote ukaweka mpya, kile cha BIOS kinabaki, juu hakiishi ndani ya Windows.

Dada mmoja wa promosyo yetu alipata hii na Dell Latitude, wiki mbili mbele ya kutetea memwari. Batri ilisha kufa, wakamwambia. Akanunua ingine. Ile mpya nayo ikafika 80, ikasimama. Na hukumu ya pili? "Hata hii mupya iko mubaya." Sentensi haikukubali kushindwa, ikapata tu maiti ya pili. Tulipobonyeza F2 wakati wa kuwasha, tukaenda pale wanapopanga namna ya kusharji batri, tukakuta imeandikwa Custom, na mwisho 80. Tukaweka Standard. Usiku ule ikafika 100. Tukarudisha ile ya kwanza, nayo ikafika 100. Hakuna iliyokuwa imekufa, na pesa haikurudi.

Sisemi kila mashini inayosimama iko na parametri. Wakati mwingine ni sharjeri. Hesabu yake ni ya shule ya msingi: soma nyuma ya sharjeri mstari wa Output, chukua volti mara ampere. 19,5 mara 3,34 inatoa wati 65. Kama mashini yako inaomba 65 na wewe umechomeka ya 45, ukiifanyisha kazi nzito namba inaweza kukwama ao hata kushuka wakati umechomeka. Dell nyingi ziko na sindano ndogo katikati ya mdomo wa sharjeri, njo inayoambia mashini "mimi ni wa nguvu fulani." Sindano ikivunjika, ao sharjeri ikiwa ya kuiga, mashini inawaka kawaida lakini inakataa kusharji batri. Mara nyingi inaandika onyo wakati wa kuwaka, na sisi tunabonyeza haraka ili lipotee. Joto nalo linachangia: batri ikipita karibu digri 45, umeme wa kusharji unasimamishwa. Mashini juu ya blanketi, mwezi wa kumi hapa kwetu, inafika pale bila shida. Na ukiona inasimama 96 ao 97, acha. Mashini nyingi zinangoja ishuke kidogo mbele ya kuanza tena, ili zisichokoze batri bure.

Kuhusu maodio ya WhatsApp, nitapita haraka. "Maliza batri yote mpaka izimike, mara tatu kila wiki": hiyo ilikuwa dawa ya batri za zamani za nikeli na kadimiamu. Litiamu haina ule ugonjwa, na kuimaliza kabisa kila mara kunaichosha. Mara moja moja inaweza kusaidia kipimo kurudi kwenye hesabu yake, basi. "Weka ndani ya frigo": unaleta maji kwenye chombo cha umeme. Inanishangaza kwamba sisi wa Katanga, ambao kobalti ya batri nyingi za dunia inatoka chini ya miguu yetu, kule Kolwezi, tunafundishwa batri na odio ya mtu asiyetaja hata jina lake.

Kitu ambacho sentensi ya fundi inaficha zaidi ni kwamba mashini yenyewe inatunza kitabu chake. Kwenye Windows, fungua ule dirisha mweusi wa cmd, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakuambia faili imewekwa wapi, uifungue. Tafuta mistari miwili: Design Capacity, ile batri ilizaliwa nayo, na Full Charge Capacity, ile inabeba leo. Kama ya kwanza ni 50.000 na ya pili 44.000, hakuna mtu akuuzie batri. Kama ya pili ni 18.000, fundi ana haki, hata kama hakuangalia. Haiombe intaneti, haiombe franga hata moja.

Na kuko mahali ambapo sibishane na fundi kabisa: batri ikivimba, klavye ikinyanyuka ao mashini ikakataa kufungika vizuri, zima, chomoa, peleka. Pale usitafute parametri.

Nibaki na jambo moja linalonisumbua. Ukishajua kwamba 80 ni parametri, utasikia wengine wakisema: iache, ni nzuri kwa batri. Ni kweli, kwa yule ambaye soketi yake iko na umeme kila saa. Kwetu, delestaji ikipita, batri njo soketi. Ile sehemu moja kati ya tano unayoiacha ni kurasa ambazo hutaandika usiku ule. Mimi ninafanya hivi: miezi ambayo umeme unatulia, 80, mbele ya mitihani na memwari, 100, na izeeke kama inataka. Ninapendelea batri iliyochoka na memwari iliyowekwa kuliko kinyume chake.

Kwa wanaojiandaa kununua okazyo: mwombe muuzaji afungue ile ripoti mbele yako, na aingie kwenye BIOS mbele ya wewe kutoa pesa. Kama BIOS inaomba neno la siri na yeye halijui, hata wewe hutalijua, na kizuizi cha biro ya watu kitabaki kwako. Usilipe. Kuko mashini ingine kwenye meza ya pembeni.