Lithops: Kompyuta Elfu Moja Kutoka Kwenye Laptopu Yako

Jamani watafiti, hebu wekeni kazi chini kidogo! Nimeijaribu Lithops na moyo bado unanidunda.

Ni programu huria ya Python, kazi ya watafiti wa IBM na wa Chuo Kikuu cha Rovira i Virgili, Tarragona, Hispania. Imechipuka kutoka PyWren, iliyotangazwa mwaka 2017 na wanasayansi wa Berkeley, Marekani, waliotaka mtafiti aandike hesabu zake tu, shughuli ya seva wabaki nayo wenye wingu, yaani kampuni zinazokodisha kompyuta kupitia mtandao.

Nilitaka kupima ukijani wa mikoko ya delta ya Rufiji kwa picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo ni bure kwa yeyote. Hesabu yenyewe fupi: chukua mwanga wa infraredi, toa mwanga mwekundu, gawa kwa jumla yao. Tatizo ni wingi wa picha! Kwenye laptopu zinapanga foleni. Kwa Lithops niliandika hesabu ya picha moja, nikaikabidhi kwa amri ya map pamoja na orodha ya picha zote, nikabonyeza. Mara moja kila picha ikapata mtendaji wake huko AWS Lambda, huduma ya wingu ya Amazon, zote zikakokotolewa kwa mpigo, na kazi ilipokwisha hapakuwa na mashine ya kuzima. Hakuna seva inayokesha ikila fedha za mradi! Unalipia milisekunde ulizotumia, na maombi milioni 1 ya kwanza kila mwezi hayatozwi.

Mipaka ipo. Lambda hukata kazi ikifika dakika 15, kumbukumbu haizidi GB 10, na vipande vya kazi haviongei ana kwa ana. Hupitishiana matokeo kupitia hifadhi. Kwa hiyo modeli kubwa za hali ya hewa, ambamo kila eneo husubiri jibu la jirani yake, ziacheni kwenye kompyuta kuu. Ila picha, jenomu, na hesabu zinazorudiwa maelfu ya mara? Zilete! Watafiti wa EMBL, maabara ya Ulaya ya biolojia ya molekuli huko Heidelberg, wameitumia kwenye METASPACE, jukwaa la kutambua molekuli ndani ya tishu. Huo si mchezo wa kuigiza, ni sayansi kamili!

Wewe mwanafunzi wa uzamili unayesubiri zamu ya kompyuta ya idara, ipakue leo. Ianzishe kwanza kwenye laptopu yako, inakubali, na weka tahadhari ya bajeti kabla hujagusa wingu.