Aliyeulizwa namba 17

Wandugu na wadada, kabla hatujapanga tena safari ya kupeleka sabuni na mchele Lusenda, naomba tuangalie kwanza foto za safari ya mwisho. Nimezihesabu, ziko 43. Ndani ya 31, kitambaa chenye jina la chama chetu kinaonekana vizuri kuliko mtu yeyote. Wakubwa wetu wameandikwa majina na vyeo. Wenye kupokea wameandikwa "wakimbizi", basi. Hakuna hata foto moja ambamo mmoja wetu ameketi.

Sisemi sabuni ni mbaya. Mama aliyekosa sabuni hawezi kuogesha watoto kwa maneno yangu. Nasema foto hizi zinajisifu kwamba tulikutana na watu, na kumbe hatukukutana nao.

Na mimi njo wa kwanza kuhukumiwa, juu memwari yangu ya L2 ni foto ile ile, ila bila rangi.

Nilienda Lusenda na karatasi 60 za maswali. Kambi hiyo iko kando ya ziwa Tanganyika, njia ya Uvira kwenda Baraka, na inapokea Warundi waliokimbia kuanzia mwaka 2015, wakati wa fujo za muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza. Nikiisoma memwari leo, naona majedwali yamepangwa vizuri, asilimia zinafika 100. Maneno ya watu wenyewe ni machache, na chini yake imeandikwa tu: "Aliyeulizwa namba 17".

Namba ina sababu yake. Mkimbizi anaweza kuwa na mtu anayemtafuta, kwa hiyo kuficha jina lake ndani ya kitabu ni kumlinda. Lakini mimi nilichukua sheria ya kitabu nikaifanya sheria ya maisha. Namba 17 nilikaa naye saa mbili. Alikuwa mwaka wa pili wa uchumi Bujumbura alipokimbia. Alinisahihishia swali la 9, juu lilikuwa linauliza mambo mawili kwa mara moja. Kwenye ukurasa wa shukrani nimemweka Mungu, profesa, na baba mdogo aliyelipa minervali. Yeye hayupo.

Mwaka uliofuata tulikutana sokoni Uvira. Mimi nilikuwa nimemsahau. Yeye akaniita: "Mudogo yangu! Ile kazi ilimalizika? Tulipata pointi ngapi?"

Tulipata! Nilikosa jibu. Nilikuwa nimepewa pointi nzuri, na sikuwa nimemrudishia hata karatasi moja.

Kinachoniuma zaidi, nilipaswa kujua. Wazazi wangu walivuka ziwa mwaka 1996, na mimi nimekulia Nyarugusu, kule Kigoma. Wageni wenye karatasi tulikuwa tunawajua vizuri. Mama alikuwa anasema: huyu anauliza unakula mara ngapi kwa siku, hataki kujua unapika nini.

UNHCR imejiwekea lengo kwamba ikifika 2030, vijana wakimbizi 15 kwa kila 100 wawe wanasoma masomo ya juu. Mwaka 2019 walikuwa 3 tu. Bila shaka chama chetu hakiwezi kulipia minervali wote waliobaki. Lakini kuna vitu tunavyo na hatuvitoi. Tuna auditware zenye viti vitupu mchana: tuombe wakubwa wa iniversite wakubali msikilizaji mmoja kwa kila promosyo. Tuna vitabu. Tuna mazungumzo yetu ya Jumamosi, ambapo tunaongea juu ya wakimbizi miaka yote na hatujawahi kumpa mmoja wao kipaza sauti aongee juu ya uchumi. Na kila anayeandika memwari arudi kwanza kwa aliowauliza, awasomee alichoandika, wamsahihishe kabla ya jury.

Mimi nilirudi nimechelewa. Nilimpelekea nakala, akaisoma siku tatu. Akaniambia jedwali la 4 halisemi kweli: wale niliowaandika "hawana kazi", wengi wanalima mashamba ya wenyeji na kugawana mavuno. Mimi niliuliza kama wana mshahara, nikaandika kwamba hawana kazi. Profesa hakuliona kosa, jury haikuliona. Namba 17 aliliona, juu yeye mwenyewe ni mmoja wa wale wanaolima.

Toka siku ile, akija Uvira anakula kwetu, na mimi nikienda kule nakula kwake. Jina lake nalijua, na watoto wake wananiita baba mdogo.

Kwa hiyo safari ijayo napendekeza twende wawili wawili, kila wawili kwa familia moja, na tukae hadi chakula kiive. Sabuni tubebe. Kitambaa kibaki ofisini. Nani anakuja?